Hujafika, Washakuuliza Unaondoka Lini

Huku Mombasa mgeni akibisha hodi hukaribishwa kwanza, habari za jembe huja baadaye. Wenye nchi zao hawangoji hata upande ndege. Uko kaunta pale uwanja wa ndege wa Moi, begi liko kwenye mizani, na swali ni: "Tiketi ya kutoka huko iko wapi?"

Anayeuliza si uhamiaji, ni kijana wa shirika la ndege. Usimgombeze bure. Ukikataliwa huko, shirika ndilo la kukurudisha, na faini huenda ikafuata. Ndiyo maana anafungua Timatic, mtambo unaosema pasipoti gani inadaiwa nini wapi, na anauamini kuliko viapo vyako.

Haya, watoa karatasi ya ajenti. Ina msimbo wa herufi sita, ina saa, ina rangi za kupendeza. Nambari ya tiketi, zile tarakimu 13, haimo. Hiyo basi ni nafasi iliyoshikwa tu. Isipolipiwa hujifuta, pengine wewe ungali kwenye foleni. Na hata ikilipiwa, tazama tarehe: ukipewa siku 30 za kukaa, mara nyingi siku ya kufika nayo imo. Tena ikupeleke unakoruhusiwa kuingia, la sivyo umenunua swali jingine.

Majina sasa, yarabi! Mohamed, Mohammed, Muhammad, na mtaani wote ni Mudi. Ndege haimjui Mudi. Fungua ukurasa wa picha, soma mistari miwili ya chini: baada ya KEN ni jina la ukoo, kisha alama <<, kisha mengine. Nakili herufi kwa herufi. Ajenti akisema "itapita hiyo," hatakuwepo kaunta siku hiyo.

Kadi ya homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Uchanjwe Ijumaa usafiri Jumapili? Umechanjwa kwa safari ijayo. Angalau kadi ni ya maisha tangu 2016. Pasipoti iliyobakisha miezi mitano kuisha, nchi nyingi hawaitaki, wanadai 6.

Halafu ile ndege ya 00:40 tarehe 12. Huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kiwanjani unakwenda tarehe 11 jioni. Lakini utaona ukoo mzima umekodi matatu tarehe 12 baada ya Isha, mashangazi na mabokosi ya halua, kumsindikiza mtu ambaye ndege yake iliondoka usiku uliopita.