Kabla ya Kuuliza Inaendana na Nini, Uliza Inakauka Lini

Suruali yangu ya jinzi ina gramu 720 ikiwa kavu. Nimeipima kwa mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Kisha nikaichovya kwenye ndoo, nikaikamua mpaka viganja vikawaka moto, nikaipima tena: kilo 1 na gramu 380. Msidhani nilikosa kazi ya kufanya. Nilikuwa na kisasi nayo.

Kisasi chenyewe ni cha safari ya siku tisa niliyoifanya na begi moja dogo, la kuingia nalo ndani ya ndege. Nilijiandaa kwa jedwali kabisa. Blauzi tano, suruali mbili na sketi moja: tano mara tatu ni kumi na tano, kwa hiyo ningeweza kuvaa siku kumi na tano bila kurudia, na safari ni ya siku tisa. Nikajiona nimepatia. Siku ya nane jioni nikamwagikiwa na kahawa mapajani. Nikaifua jinzi usiku ule ule, nikaianika bafuni, nikalala na amani yangu.

Saa kumi na moja alfajiri, gari liko nje, jinzi ilikuwa imekauka magotini tu. Mkandani, mifukoni na kwenye mishono ya pembeni ilikuwa mbichi kama ilivyotoka kwenye beseni. Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikauzamisha begini, na siku hiyo, kwa bahati ninayoijua mwenyewe, getini walikuwa wanapima mabegi ya mkononi. Ruhusa kilo 7, langu likasoma 8.9. Nikavaa blauzi mbili juu ya ile niliyokuwa nayo, sweta juu ya blauzi, koti juu ya sweta, chaja mfukoni. Mizani bado ikagoma. Mwisho nikaitoa jinzi kwenye mfuko wake, nikaitupia begani kama mtandio. Begi likapita. Mimi nikapanda ndege nikiwa na maji yanayoshuka mgongoni, na jirani yangu wa kiti akajisogeza dirishani bila kusema neno.

Tangu hapo kila nguo naiuliza swali moja kabla ya mengine yote: nikikufua saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi utavalika? Ikisita, inabaki nyumbani, hata iwe nzuri namna gani.

Ushauri mwingi wa kufungasha hauanzii hapo. Unaanzia kwenye rangi na hesabu, na una historia yake. Miaka ya 1970 Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, alieneza wazo la kuwa na nguo chache za kudumu zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1985 mbunifu wa New York, Donna Karan, akatoa mkusanyiko uliojengwa juu ya vipande saba tu, vya kumtosheleza mwanamke wa kazini tangu asubuhi hadi usiku. Wazo zuri, nami nalitumia. Lakini lilikusudiwa kabati la nyumbani, na nyuma ya kabati la nyumbani pana kamba ya kuanikia, pana jua, pana mashine au mtu wa kufua. Ukilihamishia kwenye begi, kamba haiji nalo. Zile kumi na tano zangu zilikuwa za kwenye karatasi. Ili hesabu itimie, kila blauzi lazima ikubaliane na kila kitu cha chini, na pia iwe safi siku unayoihitaji. Kufikia siku ya nne jasho lilikuwa limeshafuta nusu ya jedwali.

Kwa hiyo tuingie kwenye vitambaa. Pamba hunywa maji. Ukiikamua unatoa yale yaliyo kati ya nyuzi, lakini yale yaliyoingia ndani ya uzi wenyewe yanabaki kusubiri hewa. Shati jepesi la pamba linakauka usiku mmoja bila shida. Fulana nzito ya pamba ni bahati nasibu. Sweta la pamba lenye kofia usilifikirie. Kitani kinakauka upesi lakini kinakunjamana ukikitazama tu. Mimi nimeamua kukivaa na mikunjo yake na kuiita mtindo.

Poliesta na nailoni karibu hazinywi kabisa, maji yanakaa juu juu, ukikamua yanaondoka. Ila poliesta ina tabia yake: inashika mafuta ya jasho, na vijidudu vinavyoleta harufu vinajipatia makazi. Nina fulana moja ya mazoezi ambayo inatoka kambani ikinukia sabuni tu, lakini ivae nusu saa, kwapa linaanza kusimulia habari za mwezi jana. Sufu ya merino, aina ya kondoo mwenye manyoya laini, ni kinyume chake. Uzi wake unaweza kunyonya mvuke wa karibu theluthi ya uzito wake kabla ngozi haijahisi unyevu, na hauna haraka ya kunuka. Nimewahi kuvaa fulana ya merino siku tatu mfululizo na hakuna aliyehama kiti. Tatizo ni ghali, nondo wanaipenda kuliko wewe, na ukiifua inachelewa kukauka kuliko poliesta. Ninayo moja. Sioni haja ya ya pili.

Kwa suruali, nimeshatulia kwenye kitambaa chembamba cha nailoni kilichochanganywa na uzi wa kuvutika. Kinafanana na suruali ya kawaida ya ofisini, kina gramu 290 kwenye ile mizani yangu, na hakijawahi kuniangusha asubuhi. Soma kile kilebo cha ndani kabla ya kununua chochote. Kina habari nyingi kuliko muuzaji. Na kabla hata ya kununua, pekua kabati lako. Wapo wafanyabiashara waliogundua kwamba neno "safari" likiwekwa mbele ya shati bei inapanda, wakati shati la namna hiyo hiyo unalo tangu juzi.

Kufua kwenyewe hakuna siri, kukausha ndiko kwenye ufundi. Nabeba kipande cha sabuni ya mche, kwa sababu sabuni kavu haiingii kwenye ile sheria ya vimiminika, chupa zisizozidi mililita 100 ndani ya mfuko unaoonyesha, iliyotuangukia mwaka 2006 baada ya njama ya mabomu ya kimiminika kugunduliwa Uingereza. (Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kuilegeza, lakini usiifanyie majaribio kwa losheni yako ya gharama.) Nguo ikishasuuzwa, naikamua kwa mkono. Halafu natandaza taulo kavu kitandani, nailaza nguo juu yake mikono ikiwa imenyooka, naviringisha vyote pamoja kama mkeka, naushusha mviringo sakafuni na kuukanyaga kwa kisigino kuanzia mwisho huu hadi ule. Ukifungua, taulo ni zito na shati limekuwa jepesi kana kwamba limeshaanikwa saa mbili. Hapo ndipo unalitundika, na usilitundike bafuni. Bafuni ndiko hewa iliyoshiba maji inakolala. Weka karibu na dirisha, au mbele ya feni, au pale kiyoyozi kinapopulizia, na uache nafasi kati ya nguo na nguo. Mtu anayeanika nguo nne kwenye hanga moja asimlaumu mtu.

Ukiwa na nguo zinazopita mtihani huu, idadi inapungua yenyewe. Mimi kwa siku kumi nabeba za juu nne, moja wapo ikiwa shati la vifungo ninaloweza kulivaa wazi kama kijikoti, za chini mbili, gauni moja lisilohitaji pasi, sweta jembamba, mtandio mkubwa, chupi na soksi za siku nne. Mtandio ndio mfanyakazi wa kundi zima: ni shuka ndani ya ndege, ni mto, ni pambo la jioni, na mara moja ulikuwa pazia. Koti na kiatu kizito navivaa safarini, sivifungashi. Watu huuliza kuhusu chupi kwanza, nami nashangaa, maana ndiyo kitu kinachokauka upesi kuliko vyote.

Rangi, basi. Sikubaliani na wanaosema kila kitu kiwe cheusi. Nyeusi inaonyesha vumbi, nyuzi na ile chumvi nyeupe ya jasho mgongoni. Mimi nguo za chini nachagua bluu ya giza na kijivu, za juu naziacha ziseme zinachotaka, sharti moja tu, kila ya juu iwe imewahi kuvaliwa na kila ya chini mbele ya kioo, siyo kichwani. Na angalau moja iwe na maua au mistari. Doa la mchuzi kwenye blauzi yenye maua ni ua jingine.

Lakini ukweli ni kwamba nguo si adui. Adui ni viatu, na sanduku lenyewe. Raba zangu zina gramu 620, na tofauti na blauzi, kiatu hakikunjiki wala hakibanwi. Jozi mbili: moja mguuni, moja begini iliyosokotwa soksi ndani. Jozi ya tatu ndiyo inayokulazimisha kulipia mzigo wa chini, ule wa tumboni mwa ndege. Na viatu ndivyo vichaguliwe kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyoamua suruali gani inawezekana. Nimeona watu wakipanga nguo siku nzima halafu usiku wa mwisho wanakumbuka viatu, jengo lote linaanguka.

Sanduku nalo. Bernard Sadow alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya sanduku lenye magurudumu Marekani mwaka 1972, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akaja na lile la kusimama wima lenye mpini wa kuvuta ambalo leo kila mtu analo. Mabega yalipumzika, sawa. Ila langu la plastiki ngumu lina kilo 3.1 likiwa tupu. Kwenye ruhusa ya kilo 7 hiyo ni karibu nusu, umelipia kusafirisha magurudumu na mpini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na anayekwambia "begi lenyewe dogo tu" hajaliweka kwenye mizani. Nilihamia begi la mgongoni la kitambaa lenye kilo 1.1. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kinapendekeza mwisho wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na vishikio vikiwemo, lakini kila shirika la ndege lina yake, mengi yanabana zaidi ya hapo, kwa hiyo soma masharti ya tiketi yako wewe. Na begi likichukuliwa getini kwenda kuwekwa chini, chomoa kwanza betri ya kuchajia simu. Haitakiwi kule chini.

Kukunja au kuviringisha? Fulana viringisha, mashati kunja, tusonge mbele.

Najua yako mabishano. Mwenye mtoto mchanga namwombea tu, haya hayamhusu. Anayekwenda kwenye baridi kali anaweza bado kujaribu, maana nguo nyembamba tatu zilizovaliwa juu ya nyingine zinashika joto kati yake na zinakauka moja moja, lakini koti lake litakula begi siku atakayolivua. Na anayekwenda harusini abebe nguo yake ya harusi bila kuona haya, hata ikiwa haiendani na chochote na haifuliki kwenye beseni. Ninachokataa ni ile "nguo ya huenda": huenda tukaalikwa mahali, huenda kukawa na bwawa la kuogelea, huenda nikapata hamu ya kukimbia asubuhi. Hamu hiyo sijaipata nyumbani miaka sita, itanipatia wapi safarini?

Kuna jaribio ninalompa kila anayeniomba ushauri. Fungasha begi wiki moja kabla, halafu ishi kutoka kwenye hilo begi siku nne ukiwa kwako. Kabati limefungwa. Fua usiku kwenye sinki, vaa asubuhi. Siku ya pili utaichukia nguo moja, na hiyo ndiyo ya kutoa.

Dada yangu alilikataa jaribio hilo. "Mdogo wangu, mimi niishi kwenye begi nyumbani kwangu, watoto watanionaje?" Lakini mwezi uliopita alisafiri siku nane na begi la mgongoni, nguo tisa, taulo akitumia la hotelini. Alfajiri ya siku ya tatu simu yangu ikalia.

"Shati limekauka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Suruali imekauka. Soksi bado."

"Umezianika wapi?"

Kimya. "Bafuni."

"Chumbani kuna mashine ya kukaushia nywele?"

"Ipo."

"Ingiza mdomo wake ndani ya soksi, upepo wa vuguvugu, dakika mbili kila mguu. Usiondoke ukaiacha."

Nikasikia mashine ikianza kunguruma, halafu akakata simu bila kuaga.