Seti nzima, lakini unavua nini?

Ukipita kwenye vibanda vya gemu pale Kondele jioni, skrini zote ni mpira. Ni haki yao. Mechi inaisha kwa dakika chache, unalipa, unampisha mwenzako. Gemu ya kupigana huku ukimjenga mhusika wako polepole haichezeki hivyo, sembuse kwenye mashine ya watu ambayo kesho mtu mwingine atafuta kila ulichohifadhi. Ndiyo maana wengi wetu hapa Kisumu tumehamia kwenye simu, na Genshin Impact, iliyotoka 2020, ndiyo inayotula bando kuliko zote. Tukikutana, salamu haijaisha mtu ameshatoa simu kuonyesha seti yake, yaani vipande vya mavazi ya mhusika vinavyotoa bonasi vikivaliwa pamoja. "Nimebakisha kofia tu, kaka."

Sawa, kofia ikija utavua nini?

Swali hilo huwa halipendwi, ila mimi sijui njia nyingine ya kupima seti. Macho yote huenda kwenye mstari wa mwisho wa maelezo yake, ule unaotaja bonasi kubwa. Nyuma ya mstari huo kuna vipande vinne, vitano au sita, na kila kimoja kimekalia nafasi ambayo kitu kingine kingekaa. Ni kama muuza mitumba wa Kibuye anayekataa kukuuzia koti bila suruali yake. Koti laweza kuwa zuri kweli, ila suruali isipokutosha, hesabu bei ya koti upya.

Kuna waliolijua hili mapema. Mwaka 2001, gemu ya kompyuta Diablo II ilipoongezewa sehemu mpya, Lord of Destruction, ilikuja seti ya mchawi wa kike iitwayo Tal Rasha's Wrappings. Ina vipande vitano, na mhusika ana nafasi kumi za kuvaa, kwa hiyo hata ukiivaa yote nusu ya mwili bado ni yako. Tena inakulipa njiani. Ukiwa na vipande vitatu tu unaongezewa asilimia 65 ya bahati ya kuokota vitu vya thamani, na wengi waliishia hapo hapo: mkanda, mkufu na deraya, kichwa na mikono wakaviachia vitu vingine. Aliyefikisha vitano alipata ngazi tatu zaidi kwenye ujuzi wote wa mchawi, pamoja na kinga ya asilimia 50 dhidi ya moto, baridi, radi na sumu. Seti moja, mavazi mawili tofauti, na kila upande una watu wa kuutetea.

Diablo III ya 2012 ikaja kuivuruga hesabu hiyo. Kadiri ilivyozidi kurekebishwa, bonasi ya vipande sita ilifika maelfu ya asilimia, nyingi zikielekezwa kwenye ujuzi mmoja au miwili. Hapo umebakiza nini cha kupima? Ujuzi mwingine wote wa mhusika unakuwa pambo. Kulikuwa na pete, Ring of Royal Grandeur, inayopunguza kwa kimoja idadi ya vipande unavyohitaji, nayo ilionekana kama dawa. Mwaka 2015 Kanai's Cube, kisanduku cha kichawi ndani ya gemu hiyo, ilipowezesha kuchukua nguvu ya pete hiyo bila hata kuivaa kidoleni, ikawa vigumu kumkuta mtu wa seti asiye nayo. Nafasi moja ilifunguliwa kwa kufunga nyingine. Na Diablo IV ilipotoka 2023 haikuwa na seti hata moja. Naelewa walichokuwa wanakikimbia, lakini walikimbia mbali mno.

Genshin, pamoja na kero zake zote, imeliweza hili. Kila mhusika ana nafasi tano: ua, unyoya, saa ya mchanga, kombe na taji. Bonasi zinakuja kwenye kipande cha pili na cha nne, basi. Cha tano hakidaiwi na mtu. Ukitaka, unachanganya vipande viwili vya seti hii na viwili vya ile.

Kabla ya kushangilia namba, uliza inaingia fungu gani, yaani inajumlishwa na namba zipi. Seti ya Gladiator's Finale ikiwa na vipande viwili inatoa asilimia 18 ya nguvu ya shambulio. Kama tayari umejikusanyia asilimia 80 ya nguvu hiyo hiyo kutoka kwingine, umetoka 180 kwenda 198, yaani umezidi kwa sehemu moja ya kumi tu. Vipande vinne vinaongeza asilimia 35 kwa mapigo ya kawaida kwa wanaotumia upanga, upanga mkubwa au mkuki. Tamu. Lakini kombe la kipengele chako (moto, maji na kadhalika), lililopandishwa hadi mwisho, linakupa 46.6 katika fungu hilo hilo la ukali wa mapigo. Ile 35 ikiwekwa juu ya hiyo inakuwa nyongeza halisi ya kama asilimia 24.

Seti ya Emblem of Severed Fate naisifu kwa sababu nyingine. Inachukua kasi ya kujaza nishati, kitu ambacho watu walikivumilia tu, na kukupa robo yake kama nguvu ya pigo kuu, mwisho asilimia 75. Mwenye 200 anapata 50. Ghafla kipande ulichokuwa ukikitupa kina kazi, na bado kuna dari, hivyo hakuna atakayefika maelfu.

Sasa kombe. Tuseme unalitaka la kipengele chako, la seti yako. Vipande huokotwa kwenye mapango, na kila pango hutoa seti mbili, kwa hiyo nusu ya unachookota si chako. Kombe ni moja kati ya nafasi tano, na uwezekano wa kombe kuja na kipengele unachotaka ni asilimia 5. Zidisha: ni kipande kimoja kati ya 200. Zawadi ya pango inakula resini 20, ile akiba ya gemu inayojirudisha yenyewe, na resini inarudi moja kila dakika 8, yaani saa mbili na dakika 40 kwa kila safari. Ukicheza kila siku bila stima kupotea wala bando kuisha, ni karibu wiki tatu kwa wastani, na hapo hujaangalia nyongeza zake ndogo kama zinafaa.

Ukikubali kombe la seti yoyote, muda huo unakatika nusu. Kwa hiyo nafasi ya wazi, ile ya tano isiyodaiwa, iwekee kombe kwanza, hata likitoka kwenye seti ya ovyo kabisa. Siku likija la seti yako lenye nyongeza nzuri, hamishia uhuru huo kwenye taji, maana la kuongeza uwezekano wa kriti, pigo linaloumiza kuliko kawaida, ni moja tu kati ya mataji kumi.