Mamdogo alikataa kwenda kumwona tembo

"Yaani mimi nitoe hela nikamwangalie mwizi wangu?"

Ndivyo mama mdogo alivyonijibu nilipomwambia kwamba kwenye gari kumebaki nafasi moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anapepeta mbaazi, wala hakuinua uso. Watoto wakacheka. Nikadhani ananitania, nikamwambia, "Hutoi kitu mamdogo, tumeshakulipia." Akasema basi nafasi yake tumpe mdogo wao ajinyooshe vizuri njiani.

Anaishi upande wa Kwa Kuchinja, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati, pale magari ya watalii yanapokata kona kuelekea geti kuu la Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Yuko hapo tangu aolewe, zaidi ya miaka 30. Ameyaona magari hayo yakipita kila siku ya Mungu. Yeye hajawahi kuvuka lile geti.

Mimi asubuhi ile nilikuwa na makala nyingine kabisa kichwani. Nilitaka kuwasema Watanzania wenzangu kwamba hatutembelei hifadhi zetu kwa uvivu tu, hela tunayo, harusi tunachangia. Makala hiyo ina ukweli wake, basi niimalize haraka. Kiingilio si tatizo. Tulipokwenda, mtu mzima Mtanzania alilipa 11,800, yaani msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, na VAT yake, na mtoto wa shule hakufika hata elfu tatu. Na kwenye hiyo noti nyekundu aliyechorwa ni tembo. Wengi wetu tembo tunaowajua ni hao, na hao nao hawakai mfukoni.

Kinachokamua ni gari. Tulikuwa watu wazima wanne na watoto watatu: viingilio vyetu vyote havikufika elfu sitini, gari peke yake likala laki tano na nusu kwa siku, dereva na mafuta ndani, bado ada ya gari lenyewe kuingia. Unaweza kwenda na Noah yako wakati wa kiangazi, njia kubwa za ndani zinapitika, ila wenzako wamesimama kwenye Land Cruiser iliyofunguliwa paa, wewe unachungulia nyasi. Tafuteni watu saba mchange. Na mweke hela kwenye simu au kadi kabisa, getini hawapokei keshi, ni kontrol namba, na mtandao wa pale una siku zake.

Nendeni kati ya Julai na Oktoba. Masika tembo wanatawanyika, maji yako kila mahali, na wengi wanatoka nje kabisa ya hifadhi. Kiangazi kikikaza, mto Tarangire ndio unaobaki na maji ya uhakika, na kila mwenye kiu anarudi pale. Sisi tulikwenda Septemba. Mbung'o nao walikuwepo, tena wakali. Msivae nguo za bluu wala nyeusi. Vile vitambaa vya rangi hizo mtakavyoviona vimening'inizwa kwenye miti ni mitego yao, msije mkageuka mitego inayotembea.

Kundi la kwanza tulilikuta kabla ya saa nne, chini mtoni. Mto kwa wakati ule ni mchanga zaidi kuliko maji. Dereva wetu, kijana mstaarabu sana, alisimama kama dakika tatu, tukapiga picha, halafu redio koo yake ikaanza kulia: kuna simba upande wa Silale, wahini. Mkono wake ukaenda kwenye gia. Mume wangu akamwambia, "Kaka, zima gari. Tuko hapa hapa." Yule kijana aligeuka kututazama sote mmoja mmoja, kama anayetaka kuhakikisha kwamba huo ni uamuzi wa familia. Akazima.

Tukakaa pale karibu saa nzima, na kama nina ushauri mmoja kwa anayekwenda mbugani, ndio huo. Watu wengi wanaingia hifadhini na orodha, simba tiki, twiga tiki, tembo tiki, jioni wamechoka na vumbi na hawana hata kimoja cha kusimulia.

Tembo jike mkubwa, jino lake moja fupi kuliko jingine, alikuwa anachimba. Anakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, anaurusha nyuma, anakwangua tena, taratibu kama mtu anayechuma mboga. Shimo lilipofika kina cha kutosha akaingiza mkonga, akavuta, akayamwaga pembeni yale maji ya kwanza. Yalikuwa ya tope. Halafu akasubiri. Amesimama tu, masikio yanapepea, anangoja kisima chake kijae maji yaliyochujwa na mchanga. Nyuma yake wengine nao wanangoja. Hakuna aliyesukuma, isipokuwa ndama mmoja aliyepenya katikati ya miguu ya wakubwa, akapiga magoti na kunywa kwa mdomo kama mbuzi, maana katika umri ule mkonga bado haujamtii. Ule msemo kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake, huyu alikuwa hajaambiwa. Upande wa pili swala na nyani wamekaa foleni. Tembo wakiondoka, kisima kinakuwa cha wote.

Kisha binti yangu akauliza, "Mama, gari limewaka?" Halikuwa limewaka. Ulikuwa mngurumo wa tembo, sauti nzito ya chini inayosikika kifuani kabla ya masikioni. Dereva akatuambia hiyo tunayoisikia ni sehemu tu, nyingine iko chini ya uwezo wa sikio la binadamu, na wanaitumia kuitana hata wasipoonana. Kuanzia hapo yeye mwenyewe alisahau simba. Akaanza kutuonyesha nani mama wa nani.

Kundi kama lile ni la majike na watoto wao: bibi, mabinti, wajukuu. Madume wakibalehe wanaondoka. Anayeongoza ni jike mzee, na uzee wake si pambo. Tarangire kwenyewe kuna ushahidi wa hilo. Mwaka 1993 palikuwa na ukame mkali, na watafiti waliokuwa wakifuatilia familia za tembo hapo walihesabu ndama 16 waliokufa kati ya 81 katika muda wa miezi tisa. Familia zilizopoteza ndama wachache ni zile zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine. Zile zilizobaki zilipoteza zaidi. Na zilizotoka ndizo zilizokuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame mwingine wa mwisho wa miaka ya 1950, wakajua kwa kwenda.

Nililijua jambo hilo kwa kusoma tu. Pale mtoni, nikimtazama yule bibi na kisima chake, likanikaa vingine. Nchi hii ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000. Majangili hawapigi risasi kwa kubahatisha, wanatafuta meno makubwa, na meno makubwa yako kwa wazee. Ukimuua bibi wa namna ile umeua na ramani, na ndama anayepiga magoti leo hana wa kumwonyesha njia ukame ukija.

Lakini kilichonikera zaidi, tukiwa tunakula wali wetu wa kwenye hotpoti eneo la mapumziko, ni swali hili: tembo walipotoka hifadhini mwaka ule wa ukame, walipita wapi? Nje ya mpaka hakuna utupu. Kuna mashamba, mabomba ya maji, barabara ya lami, maboma ya ng'ombe. Kuna kina mamdogo. Tarangire ina kama kilomita za mraba 2,850, na bado ingekuwa zizi tu la tembo kufia kama majirani wangefunga njia zote kati yake na Ziwa Manyara upande mmoja, na nyanda za Simanjiro upande mwingine. Geti linatoza kiingilio, ila kuna watu wanaolipa bila kuingia.

Tukiwa tunatoka, kwenye saa kumi jioni, tulimkuta dume peke yake kando ya njia. Anachuna gome la mbuyu, analitafuna kama muwa, nyuzi zinaning'inia mdomoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, kama mtu ameling'ata. Nikampiga picha nyingi.

Jioni mamdogo alitupikia ugali na mlenda. Nilimwomba anieleze huo wizi, naye akanieleza bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua. Mahindi yakikaribia kukauka, watu wanahamia shambani. Kuna dungu, kuna moto, kuna debe la kupiga na tochi zenye mwanga mkali. Wengine wanachoma kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, moshi wake unawawasha. Askari wa wanyamapori wakifika mapema wanarusha mabomu baridi, ya kuwatisha kwa kishindo tu. Wakichelewa, umechelewa wewe. Mwaka juzi alilinda wiki mbili, usiku wa kumi na tano malaria ikamlaza, na usiku huo huo wakaja. Ekari mbili. Asubuhi alikuta mabua yamelala na nyayo zenye ukubwa wa ungo.

Akaandika maombi. Na hapa naomba tusikilize Kiswahili chetu wenyewe. Malipo ya namna hiyo kwa sheria zetu hayaitwi fidia. Kwa mazao ni kifuta jasho. Kwa aliyejeruhiwa au kuuawa ni kifuta machozi. Aliyechagua majina hayo alikuwa mkweli kuliko tunavyofikiri: anafutwa jasho, halipwi alichovuna tembo. Ya mamdogo ilitoka msimu mwingine ukiwa umeshavunwa, na haikurudisha hata hela ya trekta na mbegu.

Najua kuna upande wa pili. Kuna jumuiya za hifadhi za wanyamapori, Burunge na Randilen zote ziko jirani pale, ambako hela ya utalii inagawiwa vijijini, na madarasa yamejengwa nayo. Darasa ni jambo jema, nami sibezi. Ila darasa ni la kijiji kizima, na hasara ya usiku ule ilikuwa ya mwanamke mmoja. Mwenye shamba la mwisho karibu na njia ya tembo analipa kwa niaba ya wote, kisha anagawana faida sawa na mwenye duka aliye barabarani. Mimi ningetaka kifuta jasho kitoke kabla ya msimu unaofuata wa kupanda, hata kama ni kidogo, maana hela ya mbegu inayofika Julai si ya mbegu tena. Na ningetaka watoto wa vijiji vile wapakiwe kwenye basi mara moja kwa mwaka, waingizwe ndani bure mchana, wamwone tembo akimngojea mwenzake anywe. Wao wanamjua wa usiku tu.

Nilimwambia mamdogo hilo la kisima. Akasikiliza, akasema, "Kumbe kwao wana adabu."

Kisha akaomba simu aone picha. Akawa anazipitisha kwa kidole chenye unga, polepole, bila neno. Kwa yule ndama aliyepiga magoti alicheka kidogo. Alipofika kwa dume wa kwenye mbuyu akasimama, akaisogeza simu karibu na taa, akanionyesha lile pengo la sikio.

"Huyu," akasema, "huyu hata mwaka huu alikuja."