Kiwanja ni cha madrasa, kesi ni ya wadhamini

Pale Ujiji kuna kiwanja cha madrasa ninachokijua tangu utotoni: mwembe mmoja mkubwa, michikichi minne, na ua wa minyaa upande wa barabara. Mikungu ya chikichi ikivunwa, pesa zake zinanunua chaki na mikeka. Jirani aliposogeza ukuta wake ukaumeza mchikichi wa nne, wazazi saba walichangishana, wakaandika majina yao kwenye hati ya madai, wakaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku ya shauri nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Wakili wa jirani hakuugusa ukuta kabisa. Alikuja na pingamizi la awali la ukurasa mmoja: kiwanja kiko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, yaani watu walioandikishwa kushika mali kwa niaba ya wengine, hawa saba wanadai kama nani? Shauri likaondolewa kabla shahidi hata mmoja hajafungua kinywa.

Tangu siku hiyo nasikia kauli moja Ujiji nzima: "Mali ni yetu, wadhamini ni akina nani watusemee?" Uchungu huo naujua. Ila naona mdhamini anaonewa.

Kwanza, sheria haikumpa nafasi hiyo kwa upendeleo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inasema ugomvi ukiwa kati ya wanufaika, yaani wale ambao mali imeshikwa kwa faida yao, na mtu wa nje, juu ya mali iliyo mikononi mwa mdhamini, mdhamini ndiye anayewawakilisha, na kwa kawaida si lazima wao waingizwe kwenye kesi. Mahakama Kuu nayo, katika shauri la Lujuna Shubi Ballonzi dhidi ya Wadhamini Waliosajiliwa wa Chama Cha Mapinduzi, lililoripotiwa mwaka 1996, ilieleza kwamba mtu hafungui shauri kwa sababu tu mahakama ina mamlaka ya kulisikiliza; lazima aonyeshe pia kwamba yeye mwenyewe ana haki ya kulileta. Mbona kwenye mirathi hatulalamiki? Baba akifa, msimamizi wa mirathi ndiye anayemshtaki aliyevamia shamba, na watoto wanakaa nyuma yake.

Lakini sababu inayonigusa zaidi ni kifo. Zamani wazee watatu waaminifu waliandikwa kwenye karatasi za kiwanja cha msikiti au cha shule, kwa majina yao wenyewe. Wa kwanza akafa, wa pili akafa, wa tatu naye akafuata. Watoto wao wanafungua sanduku, wanakuta jina la baba, na kiwanja kinaingia kwenye hesabu ya urithi. Hawana nia mbaya. Karatasi ndiyo inayowaambia hivyo. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inaziba pengo hilo. Wadhamini wakishapata cheti kutoka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, wanakuwa mtu mmoja wa kisheria asiyekufa: ana muhuri, anamiliki ardhi, anashtaki na kushtakiwa kwa jina lililo kwenye cheti. Mzee akizikwa, kiwanja hakimfuati, na kesi aliyoianza inaendelea.

Halafu kuna miaka 12. Huo ndio ukomo ambao Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inauweka kwa shauri la kurudisha ardhi, na hesabu inaanzia uliponyang'anywa, wala si siku ulipokasirika. Wale saba walimaliza zaidi ya mwaka barazani, kwa nauli na ada za wakili, na mwishoni hakuna aliyeamua ukuta ni wa nani. Kesi ya jina lisilo sahihi inaweza kumfaa mvamizi kuliko kukaa kimya, kwa sababu inawafanya wenye mali waamini wanapigana wakati miaka inakwenda.

Upande wa pili una hoja, na nzito yake ni hii: je, mdhamini akilala? Au akila njama na jirani? Hapo ni kweli mnufaika anaumia. Kwenye madrasa yetu, kati ya wadhamini watano wawili walikuwa wamefariki na mmoja kahamia Dar es Salaam, na hakuna aliyepeleka mabadiliko RITA. Sheria haikuwaacha watu mikono mitupu, maana kwa mali ya amana ya umma, yaani iliyowekwa kwa ajili ya dini au hisani, watu wawili au zaidi wanaweza kufungua shauri kwa kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kutoka Ujiji, njia hiyo ni ndefu. Bado naona dawa ya bodi ya wadhamini iliyolala ni kuitisha kikao, kujaza nafasi, kuandika muhtasari na kuupeleka panapohusika. Kila mzazi akifungua kesi yake, jirani atapatana na mmoja na kuwashinda waliobaki.

Ndivyo ilivyofanyika hatimaye. Bodi imejazwa na shauri limefunguliwa upya kwa jina la kwenye cheti, neno kwa neno. Wazazi saba wamewekwa kwenye orodha ya mashahidi, na mama mmoja kati yao ana daftari la mavuno, mikungu imeandikwa mchikichi kwa mchikichi, pamoja na ule wa nne, hadi msimu ukuta ulipojengwa.