Simu moja, darasa zima

Hivi karibuni nilikaa dawati la nyuma kwenye darasa la tano, shule moja ya msingi Mbagala. Mwalimu aliandika ubaoni 1/3 na 1/4, akauliza ipi kubwa. Kila mtoto akanyanyua kadi yake ya karatasi, ameigeuza upande wa jibu alilochagua. Mwalimu akapitisha kamera ya simu kutoka dirishani hadi mlangoni, majibu yakajipanga kwenye kioo, jina kwa jina. Wengi walichagua 1/4, kwa sababu nne inaizidi tatu. Hakuwakosoa. Alitoa chapati mbili za chai yake, moja akaikata vipande vitatu, nyingine vinne, akawaita waje waone.

Mchezo ule unaitwa Plickers, na kwangu thamani yake iko kwa yule mtoto wa kona ambaye hanyooshi kidole mwaka mzima. Siku ile naye alionekana. Kahoot! ya Norwei, mchezo wa maswali ya mtandaoni ulioanza 2013, inachangamsha zaidi, lakini inataka kila mwanafunzi, au walau kila kikundi, kiwe na kifaa chenye intaneti. Tena anayejibu haraka hupata pointi nyingi, na anayefikiri taratibu huvunjika moyo. Walimu wanaolalamika kwamba watoto hukimbilia pointi wakaliacha somo wana haki.

Wana haki pia kuhusu muda: kipindi ni dakika 40, na kugawa kadi tu kunakula kadhaa. Halafu kadi zenyewe mwisho ni 63 kwa seti, na huku kwetu darasa la watoto zaidi ya hao si ajabu.

Kwa sayansi ya sekondari ninaipigania PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kioo cha kompyuta au simu, iliyoanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure, baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mwalimu anaweza kuyapakua nyumbani akayatumia darasani bila intaneti. Mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu, anaongeza balbu ya pili kwa kuifuatanisha na ya kwanza, anaona mwanga unafifia. Wanaopinga husema waya wa kwenye kioo haulegei wala haupati moto. Kweli, na shule yenye betri na waya ianze na hivyo. Ila pale betri moja inapozungukwa na wanafunzi hamsini, wengi huona migongo ya wenzao tu.

Kwa wadogo, katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapahapa Dar, zinafundisha hesabu kwa Kiswahili tangu 2014, na mtoto haanzi kwa kupambana na lugha.

Linaloniuma ni gharama. Kadi za Mbagala mwalimu alizichapisha steshenari kwa hela yake, akazibandika kwenye maboksi ya sabuni zisikunjike. Bando nalo ni lake. Chaki inanunuliwa na shule. Sioni kwa nini kadi na bando abebe yeye.