Sisi Tustahimili, Wao Wakabiliane

Leo mtu asiniulize habari za asubuhi. Bomba limepasuka hapo kona, karibu na duka la mangi, na bata wa jirani wameshahamia na watoto wao. Ukifungua koki ya kwangu inakohoa tu, halafu inanyamaza. Yaani maji yametoka visima vya Mzakwe, yakasukumwa kwa pampu, yakapita chini ya ardhi kilomita zote zile, kufika kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, yakaona afadhali yawaogeshe bata.

Mama watoto kaniambia jikaze. Boda wa kijiweni: "Komaa, mzee." Mwenye nyumba, ambaye haishi hapa na ana kisima chake, kasema kila mtu apambane na hali yake.

Nikavaa shati la kanisani nikaenda ofisi inayohusika. Jina silitaji, mita yangu bado iko mikononi mwao.

Dirishani kuna binti mmoja, mstaarabu kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bomba limepasuka."

"Tumelipokea, baba."

"Hamjalipokea, liko kule barabarani."

"Taarifa, baba. Tumeipokea taarifa. Kufuatilia ni chumba namba nne."

Chumba namba nne, kijana wa tai akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wa cheti cha ndoa. Akanihakikishia kwamba suala langu wanalifuatilia. Nikamuuliza, mnalifuatilia wapi, mwanangu? Halijaenda popote. Bomba limetulia pale pale, yanayokwenda ni maji. Akacheka kwa heshima, akanielekeza ghorofani, eti kule ndiko wanakoshughulikia.

Ghorofani kuna bwana mkubwa, kiyoyozi, na mezani chupa ya maji ya dukani, baridi mpaka inatoka jasho. Nikawa naongea na ile chupa zaidi kuliko naye. Akajiegemeza kitini. Wao kama taasisi wamejipanga kukabiliana na upotevu wa maji. Wamejizatiti kuudhibiti. Wameuvalia njuga, watapambana nao usiku na mchana, hawataufumbia macho. Nami nikakaa wima kidogo, maana kwa maneno yale ungedhani Amin kaivamia tena Kagera.

Alipomeza mate nikapata upenyo. "Mheshimiwa, katika hayo yote, kuziba kumo?"

Akatazama dari. "Kuziba, mzee wangu, ni utekelezaji. Unategemea vifaa."

"Vifaa gani?"

"Klampu."

Stoo hakuna klampu. Ziko kwenye mchakato wa manunuzi. Akanisindikiza mpaka mlangoni, kanishika bega: "Kwa sasa tunaomba wananchi mstahimili."

Ngoja kwanza. Shida ikiwa mezani kwake inakabiliwa, inadhibitiwa, inatatuliwa. Ikishuka ngazi hadi kwangu inastahimiliwa! Kanisani tuvumilie, nyumbani nijikaze, msibani tupige moyo konde. Mishahara hailingani, hilo nimelikubali siku nyingi, lakini hata vitenzi jamani? Mimi siwezi kudhibiti kitu hata mara moja kabla sijafa?

Na nilijaribu. Nilitoka alfajiri na mpira wa baiskeli, nikalifunga bomba kamba juu ya kamba, likaanza kutii. Akatokea kiongozi wa mtaa na mswaki mdomoni: eti kugusa miundombinu ni kosa, nitakamatwa, nitatozwa faini. Umeona? Likija suala la kunikamata, mchakato hauna klampu wala stoo. Nikafungua mpira wangu, bata wakashangilia.

Ila na mimi nimezidi haraka. Huu mji ulitangaziwa makao makuu 1973, na ofisi zikaanza kubeba mafaili kuja huku kwa dhati 2016. Miaka yote hiyo ilikuwa "tunahamia". Leo treni ya umeme inakutoa Dar asubuhi, chakula cha mchana unakula hapa, ugali wa mtama na mlenda kama una bahati na mwenyeji. Halafu unanawa kwa nini? Kwa vumbi. Na upepo wa mwezi huu mnaujua, unafua shati asubuhi, mchana limekuwa na rangi ya vumbi la Ihumwa. Mvua mpaka Desemba, nayo ikijisikia.

Anayefaidi ni huyu kijana wa mkokoteni. Juzi dumu mia tatu, leo mia tano, nikimuuliza anasema kuna mlima. Mlima gani Nkuhungu? Nimeishi hapa watoto wamekua wameoa, sijapanda mlima. Nikamwambia anionyeshe, akanionyesha tuta la barabarani! Na mfuniko wa dumu langu la bluu ulibaki kwenye mkokoteni wake, anasema hajauona. Kesho akija hapa na hilo dumu la njano lenye harufu ya mafuta ya taa, atanieleza vizuri.