Jina la Kosa

Mara ya kwanza kwenda kumdhamini mtu mahakamani nilikuwa na kila kitu isipokuwa muhuri. Barua ya serikali ya mtaa ninayo, picha imebandikwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA mkononi. Mwenyekiti alikuwa ametia saini akasahau kugonga muhuri. Karani akanirudishia karatasi bila hata kuniangalia. Ilikuwa Ijumaa mchana. Mpwa wangu akapanda karandinga, nikamwona tena Jumatatu.

Alishtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili, ugomvi wa baa. Usiku aliokamatwa alikuwa ameshasaini maelezo ya onyo, yale polisi wanayoandika wanapomhoji mtuhumiwa, bila kuyasoma, kwa sababu aliambiwa akisaini anaenda nyumbani. Sheria ilimruhusu kuwa na ndugu au wakili pembeni wakati anahojiwa. Nani angemwambia saa nane za usiku?

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Basi zile siku tatu za mahabusu ziitwe nini?

Na huyo alikuwa na bahati, kosa lake lina dhamana. Ukisomewa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, yaani kuficha chanzo haramu cha pesa, sheria imefunga dhamana na hakimu hana la kufanya hata akikuonea huruma. Wasomaji wa magazeti tunaijua hadithi kwa moyo: mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote, upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa. Wiki mbili baadaye, vilevile.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa yaliyojumuisha utakatishaji fedha. Mama yake alifariki mwisho wa Desemba, na hakuruhusiwa kwenda kumuaga. Alitoka Februari 2020 baada ya makubaliano ya kukiri makosa na upande wa mashtaka. Miezi saba ndani, na hakuna shahidi aliyepanda kizimbani. Mtu aliyekaa hivyo akikubali makubaliano, mimi siwezi kusema kwa hakika amekiri nini.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Jirani zetu Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, hata mwenye kesi ya mauaji anaweza kuomba dhamana, na anayetaka anyimwe ndiye anayeleta sababu nzito mbele ya jaji.

Najua jibu la mtaani: jambazi wa bunduki arudi tuishi naye? Hapana, mnyimeni. Ila anyimwe kwa sababu iliyotamkwa mahakamani, ambayo wakili wake anaweza kuipinga. Leo inatosha mwendesha mashtaka kuchagua jina la kosa. Akiongeza shtaka moja la utakatishaji kwenye hati, mlango umefungwa, na ushahidi utafuata baadaye, au usifuate.

Kesi ya mpwa wangu ilifutwa baada ya miezi mitano, mlalamikaji aliacha kufika. Kule gereji alikokuwa anafanya kazi, mtu mwingine alikuwa ameshapewa nafasi yake tangu ile Jumatatu.